Magurudumu Membamba na Mama Mkwe

Siku hizi kila ninapoingia gereji naulizwa swali moja: ilikuwaje mama mkwe wangu akaonekana mjini Naivasha, mchana kweupe, ameketi kiti cha mbele cha jipu langu, bega kwa bega na mimi? Wengine wanauliza wakicheka, wengine wakinung'unika. Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka, na kila anayesikia anakwenda kutia chumvi yake. Basi nimekaa chini niandike yote, kituo kwa kituo. Habari za vibali na mihuri naziruka. Nyote mnajua siku hizi za hali ya hatari mtu akitaka kutoka Nakuru anaanzia wapi, na sina haja ya kuumwa kichwa mara ya pili.

Nakuru, kwenye rundo la vyuma

Jipu lenyewe mnalifahamu. Nililipata likiwa mifupa mitupu, limetupwa na jeshi, nikalijenga jioni baada ya jioni hadi likanguruma. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa miguu. Nyuma ya gereji, katika rundo la vyuma vikuukuu, kulikuwa na seti mbili za magurudumu zilizoweza kuingia. Moja ilikuwa ya matairi mapana yenye tumbo, mazuri kwa macho, kama yale wanayopenda mabwana wa mashamba. Ya pili ilikuwa ya rimu kubwa na matairi membamba, marefu, ambayo ukiyasimamisha yanakaribia kiuno cha mtu.

Nilichagua membamba. Rafiki yangu Kiplagat, aliyeendesha malori ya jeshi vitani hadi Burma, alishika tumbo kwa kicheko.

"Fundi, hiyo ni tairi ama ni ya baiskeli? Gari ya porini inataka mguu pana, kama ngamia."

"Ngamia hajapita matope ya Elmenteita," nikamjibu. "Tairi pana inaelea juu ya matope, inateleza kama mlevi. Hii inakata mpaka chini, inapata udongo mgumu. Tena ni ndefu, inainua difu, ile bonge ya chuma katikati ya ekseli. Ule mgongo wa katikati ya njia hautagusa gari tumbo."

"Na kwa vumbi?"

"Mimi sina safari ya vumbini."

Nilikata madigadi, yale mabati yanayofunika magurudumu, kwa msumeno wa chuma ili magurudumu yapate nafasi ya kugeuka. Gari likainuka likawa kama korongo. Sikatai kwamba kila kizuri kina ila yake: gurudumu refu linakula nguvu, na injini ilianza kuhema hata kwenye mwinuko mdogo. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na mnajua nikiamua jambo nakuwa kama msumari uliopata kutu.

Matairi hayajamaliza wiki ndipo alipofika mtu kutoka nyuma ya Longonot. Alifanya kazi na shemeji yangu Nathani, mdogo wa mke wangu Rasoa, kwenye shamba la ng'ombe kule upande wa Suswa. Alisema Nathani ana kifua na homa, hawezi kusimama. Bwana wa shamba alikuwa safarini na lori lake halikuwa na injini. Mkokoteni wa maksai ungemmaliza njiani. Treni nazo zilikuwa hazipiti, maana mvua ilikuwa imebeba tuta la reli.

Mama mkwe alikuwa Nakuru wakati huo, amekuja kumwona mjukuu wake Esta. Alilala kwa jirani, kama ilivyo desturi. Kwa wasio wa kwetu Maragoli nieleze kidogo: mama mkwe ni heshima tupu. Humpi mkono, huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake. Mkikutana njiani mmoja anashuka pembeni na kugeuza uso. Nilikuwa nimeoa miaka na miaka, na sikuwahi kusema naye neno moja kwa moja. Nilimjua kwa sauti na kwa kisigino.

Habari ile ilipofika alisimama mlangoni, akanipa mgongo, akasema na binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Mwambie baba Esta, mwanangu wa kwanza alikwenda vita akazikwa na watu sijui, nchi hata jina yake siwezi kutaja. Huyu wa pili sitaacha azikwe hivyo. Mimi naenda. Kama gari haiko nitatembea."

Nathani ndiye mwana pekee aliyebaki.

Tatizo lilikuwa kuketi. Jipu lina viti viwili mbele na kasanduku ka chuma nyuma. Nilifunga waya, nikatundika shuka la kitandani la Rasoa, nikapata chumba cha heshima huko nyuma. Mama mkwe aliingia pamoja na gunia la unga, mkungu wa ndizi, madebe ya petroli, gurudumu la akiba, na kuku mmoja ambaye mama alisema hawezi kwenda kwa mgonjwa bila yeye. Mbele tuliketi mimi na Kiplagat. Yeye alikuja awe dereva wa akiba na mdomo wetu: mimi nimwambie yeye, yeye amwambie mama. Nilitazama kazi yangu nikaona imekaa sawa kabisa.

Matope ya Elmenteita

Karibu na Elmenteita daraja dogo lilikuwa limekwenda na maji, tukachepuka kwenye njia ya ng'ombe. Ule udongo mweusi mnaujua: ukikauka ni tofali, ukilowa ni uji. Katikati ya uji huo tulikuta gari la Mhindi mmoja mfanyabiashara wa mbao, limelala upande upande, na matairi yake mapana yamevaa matope hadi yakawa laini kama mkate uliopakwa siagi. Kadiri lilivyozunguka ndivyo lilivyoelea kuelekea mtaroni.

Niliingiza gia nzito nikapita kando yake polepole. Matairi yangu yalizama kiasi cha kutisha, halafu nikahisi yamegusa chini. Gari likasonga kama jembe linalofuata mfereji wake. Kiplagat alitazama mbele tu. Nilimwachia nafasi ya kutosha ya kusema, lakini hakuitumia.

Tulimvuta yule bwana kwa mnyororo. Alitupatia chapati na achari ya maembe iliyomtoa Kiplagat machozi, akalizunguka jipu akilitazama.

"Fundi, nani naweka hii tairi?"

"Mimi."

"Mbaya sana kuona," akasema, akitikisa kichwa. "Lakini nzuri."

Sikuhitaji sifa zaidi ya hiyo. Nilipiga mluzi hadi mwinuko wa kwanza, ambapo injini ilianza kuhema na mluzi ukanikauka.

Chai ya Gilgil

Gilgil mvua ilitushika. Tuliegesha mbele ya kibanda cha mama mmoja muuza chai, tukangoja mto wa mbele upungue. Kungoja kulikuwa kugumu kuliko kuendesha. Nyuma ya shuka mama mkwe alikuwa kimya, kimya cha mtu anayesali au anayehesabu pumzi za mtu aliye mbali.

Nilimtuma Kiplagat ampelekee chai na viazi vya kuchemsha, kisha mimi nikaenda kula upande wa pili wa gari, nikitazama ukuta. Mama wa chai alitukodolea macho. Alimwona mwanamke nyuma ya shuka, amegeuka huku. Akaniona mimi, nimegeuka kule. Akaweka sufuria chini akanijia.

"Baba, hii si vizuri. Mama amekosa nini? Hata kama amekosa, umfungie ndani ya shuka kama kuku?"

"Mama, hatujagombana."

"Nyamaza. Mimi nimeolewa, naona." Akatuletea sinia moja ya ugali na mboga, akaiweka juu ya boneti, akaita kwa sauti: "Mama, shuka! Mkule pamoja, muombane msamaha!"

Nilitaka ardhi ipasuke. Kiplagat alikimbilia nyuma ya kibanda akacheka huko. Ndipo mama mkwe akasema kutoka ndani, polepole, kwamba yeye si mke, ni mkwe. Yule mama alijifunika uso kwa kanga, akaondoa sinia, na chai ya pili ikawa ya bure. Lakini kabla hatujaondoka alipenyeza mkono nyuma ya shuka, akamshika mama mkwe mkono kwa kitambo. Sijui waliambiana nini. Mimi nilikuwa nikitazama ukuta.

Kizuizi cha Naivasha

Tulipokaribia Naivasha kulikuwa na gogo barabarani na askari wenye bunduki.

"Simama! Nani iko nyuma ya hiyo shuka?"

"Mama mkwe wangu, afande."

"Fungua."

"Siwezi, afande."

Jamani, katika nyakati hizi hilo si neno la kumwambia mtu mwenye bunduki. Alirudi hatua moja, wenzake wakasogea. Nilijua nikifungua lile shuka na kusimama nikimtazama mama mkwe machoni nimevunja heshima ya nyumba mbili. Nilijua pia nisipofungua naweza kulala ndani, na Nathani hana siku za kupoteza. Nilishuka, nikaenda mbali na gari, nikasimama na mgongo kwao na mikono juu. "Fungua wewe, afande. Mimi nisione."

Kisha nikasikia shuka likivutwa, halafu sauti ya askari ikabadilika. Akamwamkia mama kwa Kiluhya, lugha ya kwetu, kwa adabu zote. Alipokuja kwangu alikuwa akijizuia kucheka.

"Kumbe wewe ni mtu ya kwetu. Pita, ndugu. Wangu iko Kakamega. Nikisikia sauti yake natoka kwa dirisha."

Tulilala kwa muumini mmoja wa kanisa letu pale Naivasha, na alfajiri tukashika njia.

Nyuma ya Longonot

Ajabu ya bonde hili ni kwamba mvua inaweza kukuzamisha asubuhi na kiu ikakuua mchana. Tulipouzunguka mlima Longonot na kuacha njia kuu, mvua ilikuwa haijafika huko. Ardhi ilikuwa majivu ya kale ya mlima, meupe, laini kuliko unga uliosagwa mara mbili. Upepo ukipiga huoni boneti yako.

"Sasa tuko vumbini, Fundi," Kiplagat akasema. Alilisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kicheko.

Hatukwenda mbali. Magurudumu yangu membamba yalifanya kazi yake ileile, yakakata kwenda chini kutafuta udongo mgumu, lakini huko chini hakukuwa na udongo mgumu. Kulikuwa na vumbi juu ya vumbi. Nilichimba, nikatandika matawi ya leleshwa, nikakanyaga mafuta. Gari likasogea kidogo, likaketi. Nikachimba tena. Kiplagat akaondoka kwa miguu kutafuta mahali pagumu mbele, akapotelea katika weupe.

Nikabaki mimi na mama mkwe, bila mdomo wa kati.

Alikuwa ameshuka, amesimama na mgongo kwangu, kuku mkononi. Baada ya muda akaanza kusema, lakini si na mimi.

"Wewe kuku, ambia mwenye gari magurudumu ya nyuma imezama mpaka tumbo, na ya mbele inacheza tu juu. Mzigo yote iko huku. Na mimi ndiyo mzigo kubwa. Nimegonga chuma tangu asubuhi, hakuna anasikia."

Ilikuwa kweli tupu. Nilisikia chuma kikigongwa nikadhani ni debe. Fundi mzima, nimeweka petroli, unga, ndizi, gurudumu na mtu mzima juu ya matairi mawili membamba ya nyuma, kwa sababu nilipopanga mzigo sikufikiria uzito, nilifikiria macho. Na kwenye matope uzito ule ulinisaidia kushika chini, nikajisifu.

Hata hivyo nilijibu kwa njia ileile. "Kuku, mwambie mama nimesikia. Lakini mbele ni kiti changu, na kiti cha pili kimegusana nacho."

Upepo ulipita. Kisha mama mkwe akageuka, akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, na nadhani si kwa vumbi tu.

"Baba Esta," akasema. "Mwanangu anakufa, na sisi tunaongea na kuku."

Akafika kwenye gari, akashika lile shuka, akaling'oa kwenye waya, akapiga magoti na kulisukuma kwa mikono yake chini ya gurudumu la nyuma. Nami nikapiga magoti upande wa pili, nikalivuta likaja. Tangu hapo hatukutumia tena kuku.

Tulihamisha unga na ndizi tukazifunga juu ya boneti, petroli miguuni mbele. Halafu nikafanya jambo ambalo kwa kiburi sikutaka Kiplagat alione: nikatoa upepo kwenye matairi, yote manne, hadi yakalegea. Hapo nikajifunza kitu cha kweli juu ya tairi refu. Likilegea haliongezeki sana kwa upana, linaongezeka kwa urefu, linalala chini kama wayo wa mguu kutoka kisiginoni hadi vidoleni. Liliacha kukata, likaanza kukanyaga. Mama mkwe akapanda kiti cha mbele. Nikaachia klachi taratibu, likatoka, shuka la Rasoa likabaki nyuma limechanika vipande viwili.

Tulimkuta Kiplagat mbele amekaa juu ya jiwe. Alimwona mama kwenye kiti chake, akaangalia matairi yaliyolegea, akapanda nyuma kimya kimya. Kwa mara ya pili safari ile nilimheshimu kwa kunyamaza.

Shambani

Nathani alikuwa kwenye kibanda cha wachunga, na pumzi yake ilisikika kutoka mlangoni. Mchunga mmoja wa Kimaasai, mtu mzima ambaye hatukuelewana lugha hata kidogo, alikuwa amemwegemeza kifuani kwake akae wima, maana akilala anakabwa. Tuliambiwa amekaa naye hivyo siku zote, akimnywesha supu ya kondoo. Mama mkwe aliinama mbele yake kabla hata ya kumgusa mwanawe. Kisha akakaa mahali pake, akampokea Nathani kifuani, na yule mzee akanyoosha miguu yake iliyokufa ganzi akacheka peke yake.

Nilitoka nje nikaegemea gari. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kurudi hadi Naivasha

Mgonjwa aliketishwa nyuma juu ya nyasi, amekumbatiwa na Kiplagat kama yule mzee alivyomkumbatia. Mama alitaka kukaa naye, lakini uzito nyuma ungetuzamisha wote, naye alijua hilo kuliko mimi. Akapanda mbele. Alikaa ameigeuza shingo nyuma, na kila tulipopigwa na shimo bega lake lilinigonga.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu akimgusa mama mkwe atahisi aibu ya kumchoma. Sikuihisi. Nilihisi mifupa tu, mama mwembamba anayetetemeka. Njiani alinisimulia habari za yule mwanawe wa kwanza: alivyokuwa akipenda ndizi zilizoiva kupita kiasi, alivyoimba vibaya kanisani. Nadhani alihofia kwamba akinyamaza atasikiliza pumzi za nyuma. Nami niliogopa jambo hilohilo, nikawa namuuliza maswali. Tuliingia Naivasha hivyo, tukizungumza, mbele ya soko zima.

Nathani alidungwa penisilini. Muuguzi alisema ni nimonia, na kwamba tungoje. Tulingoja. Siku homa iliposhuka aliuliza kama kuna ndizi.

Nakuru tena

Wazee wa kwetu hapa mjini walikaa. Wengine walisema dhiki haina desturi, wengine wakasema dhiki ndiyo hasa iliyowekewa desturi. Waliamua nitoe mbuzi, aliwe na nyumba zote mbili, yaliyotokea yafungwe, na heshima irudi mahali pake. Kiplagat alikasirika kwa niaba yangu. "Baada ya yote hayo mrudi kutazama ukuta?" Lakini mama mkwe mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, nami nilimwelewa. Kitu kikivunjwa kwa ajili ya mtoto, mtoto akipona, unakiokota.

Msiniulize tena kama ningechagua matairi mapana. Bado yapo yaleyale membamba. Nimejifunza kuyajaza na kuyalegeza, na kupanga mzigo, basi.

Jumapili iliyopita nilikuwa natoka sokoni kwa miguu nikamwona mama mkwe akija. Aliponiona alishuka njia, akageuza uso, akasimama kwenye majani akingoja nipite. Nami nikaenda ukingo wa pili, macho chini, kama ipasavyo. Lakini Nathani alikuwa naye, amekonda, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, na yeye hana mwiko nami. "Shemeji!" akaita, akaninyooshea mkono, akanishika kwa nguvu hakutaka kuniachia. Tulisimama hivyo katikati ya njia muda mrefu, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwangu, na ule wa pili mama yake ameushika bila kugeuka.